UZI: Kabla hamjachora jengo la jamii, semeni kwanza ufunguo utakaa kwa nani

Mchoraji_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi muda mrefu. Nimechora majengo ya umma kwa miaka ishirini na ushee: kumbi, maktaba, vituo vya vijana, na soko moja ambalo mpaka leo nikipita karibu nageuza shingo nisilione. Kila nikikaa na kamati mpya ya ujenzi, swali la kwanza ni lile lile: "Siku hizi mtindo ni upi?" Wanasubiri niseme vioo, au paa lililopinda kama wimbi.

Mtindo wenyewe hauonekani kwenye picha. Wanaoijua kazi hii wameacha kuanza na jengo, wanaanza na saa. Nani ataingia saa ngapi, nani atamfungulia, nani atazima taa akitoka. Kwa hiyo kabla sijachukua penseli huuliza jambo moja tu: ufunguo utakaa kwa nani? Kamati ikitazamana, najua tuna miezi miwili ya mazungumzo kabla ya mstari wa kwanza.

Nitashusha kwa vipande. Msininunie nikikatika katikati.

Kipande cha kwanza: jengo moja, kazi nyingi.

Watu huliona jambo hili kama jipya. Mwaka 1930 pale Sawston, Cambridgeshire, Uingereza, kilifunguliwa chuo cha kijiji kilichopiganiwa na Henry Morris, aliyesimamia elimu ya eneo lile. Mchana watoto wanasoma, jioni wakubwa wanaingia humo humo kwa masomo na mikutano. Hesabu yake ilikuwa ya kibahili kwa maana nzuri ya neno: kijiji kina haja gani ya majengo matatu yanayolala nusu ya siku?

Kilichobadilika ni upana wa wazo. Oodi, maktaba kuu ya Helsinki, Ufini, ilifunguliwa Desemba 2018. Ina ghorofa tatu, na vitabu vimepewa ile ya juu. Ya kati ina cherehani, printa za kutengeneza vitu vya plastiki na studio za muziki. Ya chini ni kama uwanja wenye paa. Yaani mtu anaaga nyumbani kwamba anakwenda maktaba, kumbe anakwenda kukunja pindo la suruali.

Sasa hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Wakisikia "kazi nyingi" wanaagiza ukumbi mmoja mkubwa wa kila kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora ukumbi wenye ukuta wa kukunja katikati, unaoteleza kwenye reli. Kwenye karatasi ulikuwa mtamu: leo ukumbi mmoja, kesho viwili. Nilirudi baada ya miaka mitatu nikakuta ukuta umekwama nusu, umefungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo. Gurudumu moja lilitoka kwenye reli na hakuna aliyejua kulirudisha. Tena waliniambia hata ulipokuwa mzima, kwaya ikianza upande huu, kikao cha upande wa pili kinaahirishwa. Ukuta mwembamba hauzuii sauti, na nilikuwa nalijua hilo. Kosa langu, simsingizii mtu.

Ningepewa kazi ile tena ningechora vyumba vitatu vya ukubwa tofauti, kuta za kweli, vyote vikifungukia baraza moja, kila kimoja na mlango wake wa nje. Vyoo vinafikika hata kama vyumba vingine vimefungwa. Darasa la jioni linafungua chumba chake, jengo zima halina haja ya kuamka.

Nakuja.

---

Bi_Msimamizi

Mkuu, umenigusa pabaya. Nasimamia kituo cha jamii, huu mwaka wa tisa. Naomba niseme yale ambayo ninyi wachoraji hamtuulizi.

Tuna viti 200 na hatuna stoo. Unajua vinakaa wapi? Choo cha watu wenye ulemavu. Ndicho chumba pekee chenye mlango mpana na nafasi ya kuvipanga. Mkaguzi akitangaza ujio, tunavitoa. Akiwasha gari, tunavirudisha. Nasema kwa aibu lakini ndiyo hali.

Ukumbi una taa 24 na swichi moja. Jioni nina kina mama watatu wanajifunza kusoma, wamekaa kona moja, meza moja. Wakiwasha, ukumbi mzima unawaka kama kuna harusi. Nilipouliza kwa nini swichi ni moja, niliambiwa ndivyo ilivyokuwa kwenye mchoro.

Halafu ndoo. Mfagiaji wangu hana mahali pa kujazia ndoo. Masinki yote ni ya kunawia mikono, madogo, ndoo haingii chini ya bomba. Anachota kwa kikombe. Miaka tisa, kikombe kwa kikombe.

Kuhusu ufunguo: niliuguliwa mwezi mmoja na watu wakakaa nje mwezi mmoja.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Dada, ningekuwa na kofia ningeivua. Hiyo ya viti chooni nimeikuta kwenye majengo manne, mawili ya kwangu. Tangu hapo stoo naipa sehemu moja ya kumi ya ukumbi, iwe ukutani mwa ukumbi wenyewe, mlango wa pande mbili, bila kizingiti ili kitoroli kipite. Kamati zikitaka kupunguza gharama huikata stoo kwanza. Siku hizi nawaambia wakikata stoo, wameshakata na choo.

Sinki la chini la mfagiaji ni kitu cha bei ndogo kuliko bamba la jina la mgeni rasmi.

---

Zege_Tupu

Nimesoma mpaka hapa. Wakuu, mimi ni mkandarasi, nawaheshimu, lakini mnalipunguza jengo la umma liwe suala la ndoo na swichi. Watu wa kawaida wanaishi kwenye nyumba za kubanana. Jengo la jamii ndilo jumba lao pekee. Wanataka wakilitazama waone fahari.

Mfano upo. Medellín, Kolombia, jiji lililosifika kwa mauaji, waliamua kujenga maktaba zenye bustani kwenye mitaa ya maskini milimani. Maktaba ya España, kazi ya msanifu Giancarlo Mazzanti, ilifunguliwa 2007: majengo matatu meusi kama majabali, juu ya kilima, kituo cha gari la waya kiko jirani. Watalii walipanda kwenda mtaa ambao zamani hata teksi zilikataa. Hiyo ni kazi ya fahari, haikuanza na ndoo.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Mkuu Zege, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kumjengea maskini kitu kizuri ni haki yake, na Medellín walifanya jambo kubwa: walipeleka vilivyo bora mahali palipozoea kupelekewa makombo.

Ila umeikatisha hadithi katikati. Ngozi ile ya mawe meusi ilianza kuleta matatizo miaka michache baada ya kufunguliwa, na maktaba ikafungwa muda mrefu kwa matengenezo makubwa. Mtaa uliopewa jumba la fahari ukabaki unatazama jumba lililozungushiwa uzio. Kwangu fahari ni ile inayofunguka kila asubuhi. Jengo likifungwa, ule uzuri wa nje unawasuta watu.

Usinielewe kwamba nataka masanduku. Nasema kila kitu kinachoning'inia ukutani, uliza kwanza: kikilegea, nani anapanda na ngazi ya urefu gani?

---

Mchoraji_wa_Zamu

Kipande cha pili: kuwasikiliza watu.

Hapa pana unafiki mwingi. "Ushirikishwaji" umekuwa kikao kimoja: karatasi ya mahudhurio inazunguka, michoro iliyokwisha kamilika inabandikwa ukutani, watu wanaulizwa wanapenda rangi gani. Picha zinapigwa. Tumeshirikisha.

Ushirikishwaji wenyewe una meno pale watu wanapogusa fedha au kiwanja. Porto Alegre, Brazili, tangu 1989 wakazi walikaa kwenye mabaraza ya mitaa kuamua sehemu ya bajeti ya ujenzi ya jiji iende wapi. Mtu akijua kwamba akichagua maktaba barabara inangoja, anachagua kwa akili nyingine kabisa.

Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin alipoanza kuchangisha fedha za shule ya kijiji alichozaliwa. Ilikamilika 2001. Watoto walileta mawe ya msingi, kina mama wakaleta maji ya kufyatulia matofali. Wanaosimulia huishia kwenye picha ya mshikamano, wakasahau faida ya pili: kijiji kilibaki na mafundi wanaojua kila tofali liliingiaje. Likipasuka hawampigii mtu simu. Kéré alipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan 2004, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo kilele.

Mfano mdogo ninaoupenda zaidi ni wa Japani. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, Toyo Ito, msanifu mkubwa kabisa, alikwenda kwa watu waliohamishiwa vibanda vya muda pale Sendai akawauliza wanakosa nini. Hawakuomba kituo cha utamaduni. Walitaka baraza, upenu, meza kubwa na jiko la kuni la kuota moto pamoja. Akawajengea kijumba hicho, wakakiita nyumba ya wote. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kuwapiga kwa mchoro mpaka wakome.

Mimi njia yangu ni chokaa. Siku ya kikao sileti karatasi. Tunakwenda kiwanjani, natia chokaa mistari ya kuta kwa ukubwa wake halisi, milango naacha wazi, tunapanga viti ndani ya mistari na kikao kinafanyika humo. Mara moja mzee mmoja alikaa, akageuka nyuma mara tatu, akauliza: "Nikikaa hapa, mlango uko mgongoni mwangu?" Tukahamisha mlango. Kwenye ramani ule mlango ulikuwa umepita mikononi mwa wataalamu watano, nami nikiwamo.

---

Magurudumu_Mawili

Mzee wa mlango nampenda bila kumjua. Mimi natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo nina neno kuhusu rampu, maana kila mtu anachora rampu na hakuna anayeipiga hesabu.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi, na kimo kwenye viwango vya Marekani vilivyofuata sheria yao ya 1990, ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita 1, uwe na sentimita 12 za mlalo. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 60, rampu inataka mita 7.2, bila kuhesabu sehemu tambarare ya kupumzikia juu na chini, mita 1.5 kila moja. Sasa nendeni mkapime zile zilizojengwa. Mita 2, mita 2 na nusu. Hiyo ni njia ya kushushia mapipa. Nikiipanda peke yangu narudi kinyumenyume.

Na mara nyingi iko nyuma ya jengo, kando ya matangi ya maji. Wageni wote wanapita mbele, mimi nazunguka, nafika nakuta mlango wa nyuma umefungwa na ufunguo anao mtu aliyekaa meza kuu. Hapo Mchoraji umenena kweli.

Ombi langu kwa wachoraji: shusheni sakafu. Kama ardhi inaruhusu na maji ya mvua yana njia yake, ingizeni watu wote usawa mmoja. Rampu bora kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Mama mwenye kigari cha mtoto atawashukuru, na mfanyakazi anayesukuma vile viti 200.

---

Bi_Msimamizi

Ndugu yangu Magurudumu, vile viti vilivyo kwenye choo chako, kuanzia kesho natafuta pa kuvipeleka. Hata kama ni ofisini kwangu.

---

Kijana_wa_Modeli

Wakuu, mbona hamgusi upande wa kompyuta? Siku hizi jengo linajengwa mara mbili: kwanza kwenye modeli, kila bomba, kila waya, kila boriti, halafu kiwanjani. Uingereza tangu 2016 miradi ya serikali kuu inatakiwa ifanyike hivyo. Bomba likigongana na boriti unaliona kwenye kioo kabla zege halijamwagwa.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Kijana, sikupingi hata kidogo. Niliwahi kushuhudia boriti ikitobolewa kwa nyundo ili bomba la maji machafu lipite, na mhandisi wa nondo akiwa amesimama pale anatokwa jasho. Modeli ingeliona mapema. Swali langu: siku ya makabidhiano, hiyo modeli anapewa nani?

---

Bi_Msimamizi

Mimi nilipewa! Kiko kwenye droo, kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ya kituo haikifungui mpaka leo. Siku bomba lilipopasuka tulitafuta koki kuu ya maji kwa saa nzima, iko chini ya mfuniko wa zege nyuma ya ua. Fundi wa zamani ndiye aliyekumbuka. Nataka karatasi moja tu ndani ya plastiki, ibandikwe mlangoni mwa stoo ambayo sina: maji yanafungwa hapa, umeme unazimwa hapa, ufunguo wa akiba uko kwa fulani.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Kijana, umesikia. Modeli itoe na hiyo karatasi.

Kipande cha tatu: joto, mvua na kinachojengewa.

Saruji peke yake inahesabiwa kutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana mbao na udongo vimerudi mezani, tena kwa majengo makubwa. Skellefteå, Uswidi, 2021 walifungua jengo la utamaduni lenye ghorofa 20, urefu wa takribani mita 75, limeundwa kwa mbao: maktaba, ukumbi wa tamthilia, nyumba ya sanaa, na hoteli juu yake. Bangladesh, pale Rudrapur, msanifu Anna Heringer na wanakijiji walijenga shule ya ghorofa mbili, chini udongo, juu mianzi. Nayo ilipata tuzo ya Aga Khan, 2007.

Ila udongo una masharti ambayo wapenzi wake hawayatangazi: msingi usioruhusu unyevu kupanda, na paa lenye upenu mrefu. Ukuta wa udongo usio na kofia na viatu hautavuka mvua nyingi.

Turudi Gando kidogo, maana paa lile ni somo. Kuna dari ya matofali juu ya darasa, yenye upenyo. Juu yake, mbali nayo, kuna bati lililobebwa na kenchi za nondo nyembamba. Jua linapiga bati, joto halishuki darasani kwa sababu katikati upepo unapita na kulizoa, na hewa ya moto ya darasani nayo inapanda kupitia ule upenyo. Hakuna feni. Pia jambo ambalo wengi hawalitaji: bati likiwa juu ya dari nzito, mvua ikipiga mwalimu bado anasikika.

---

Zege_Tupu

Hilo la mvua nalithibitisha kwa mikono yangu. Ukumbi wenye bati tupu, ikinyesha mkutano umekwisha, watu wanatazamana tu. Na ukumbi wenye singbodi laini, sakafu ya vigae na kuta za plasta, hata kusiponyesha mwangwi unakula maneno. Nilijenga mmoja hivyo. Mzungumzaji anasema neno moja, unasikia matatu. Tulikuja kutundika mapazia mazito kuta mbili, angalau. Wateja hawaulizi kamwe habari ya sauti mpaka siku ya ufunguzi, kipaza sauti kinapoanza kupiga kelele.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Mkuu, karibu upande wa ndoo na swichi.

Kuna jambo la karibuni kwenye hili la joto. Majengo ya jamii yanapewa kazi ya kuokoa maisha. Chicago, Julai 1995, joto kali liliua watu zaidi ya 700 ndani ya siku chache, wengi wao wazee waliokuwa peke yao majumbani. Barcelona tangu 2020 wana mtandao wa mahali pa kukimbilia joto: maktaba, vituo vya mitaa, bustani, vyote vimewekwa kwenye orodha mwananchi ajue aende wapi. Bangladesh wana majengo yaliyoinuliwa juu ya nguzo, siku za kawaida ni shule, kimbunga kikija ni kimbilio.

Sasa rudini kwenye ufunguo. Kimbunga hakijali saa za kazi. Joto la kuua wazee linakaa mpaka usiku wa manane. Jengo la kukimbilia ambalo mwenye ufunguo amesafiri ni ukuta tu.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Kipande cha nne, kifupi kwa sababu kinanitia hasira: matunzo.

Kati ya 1883 na 1929 fedha za Andrew Carnegie zilijenga maktaba 2,509, na 1,689 kati ya hizo ziko Marekani. Tajiri yule ana mengi ya kulaumiwa, lakini sharti lake lilikuwa kali na la busara: mji utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuendesha maktaba. Ukijengewa kwa dola 20,000, unaahidi 2,000 kila mwaka. Miji mingine ilishindwa kukubali, ikakosa. Afadhali kukosa mapema.

Upande wa pili tazama Uingereza, 2023. Siku chache kabla shule hazijafunguliwa, shule zaidi ya 100 ziliambiwa zifunge majengo yao, yote au sehemu, kwa sababu ya mapaa ya zege jepesi lenye mapovu ndani, lililotumika sana kuanzia miaka ya 1950. Zege lile lilikadiriwa kuishi kama miaka 30. Dari la shule moja lilikuwa limeshaanguka 2018, bahati ikawa mwisho wa wiki, watoto hawakuwamo. Tarehe ya mwisho ya lile paa ilishakadiriwa miaka mingi kabla ya 2023. Hakuna aliyeiandika mahali ambapo mrithi wake angeisoma.

Nimemaliza kushusha. Maswali karibuni.

---

Kamati_Mpya

Mkuu, asante, nimeweka kambi tangu jana. Mimi ni katibu wa kamati. Tuna kiwanja chenye ghala la zamani, kuta nene, paa linavuja pembe moja. Nusu ya kamati wanataka tulivunje tujenge kituo kipya cha ghorofa. Nusu wanasema tulikarabati. Tumegombana mpaka mwenyekiti amezima simu. Unatushauri nini?

---

Mchoraji_wa_Zamu

Ndugu katibu, msimkere mwenyekiti kwanza.

São Paulo kulikuwa na kiwanda cha zamani cha mapipa. Msanifu Lina Bo Bardi aliitwa asimamie kukigeuza kituo cha jamii. Alipokwenda kukitazama siku ya mapumziko alikuta watu wameshaingia, watoto wanakimbia, wazee wamekaa. Akaona kazi imeshaanza bila yeye. Alibakisha mabanda, akaweka ofisi yake hapo hapo kwenye eneo la ujenzi, na kituo hicho, SESC Pompéia, kikafunguliwa 1982. Mpaka leo kinajaa.

Kingine: Bordeaux, Ufaransa, 1996. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal waliombwa wapendezeshe kiwanja kidogo cha mtaa. Walikaa, wakatazama, wakazungumza na wakazi, wakarudi na jibu: pazuri tayari. Badilisheni kokoto, fagieni mara nyingi zaidi, tibuni miti. Basi. Hao wawili walipata Pritzker mwaka 2021.

Sisemi msijenge. Nasema msiamue bado. Mtafuteni mhandisi apime kuta na kenchi, hilo halina mjadala, ghala likiwa bovu ni bovu. Wakati mnamsubiri, wekeni mtu mmoja pale wiki nzima na daftari. Aandike nani amekaa wapi, saa ngapi, anafanya nini. Asiulize mtu chochote.

---

Zege_Tupu

Na lile paa linalovuja pembe moja, kabla ya kuvunja, mpandisheni mtu atazame gata. Nimewahi kuitwa kubomoa ukumbi "uliooza paa" nikakuta kiota cha ndege kimeziba njia ya maji.

---

Kamati_Mpya

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi, samahani kwa kimya.

Mhandisi amesema kuta ni nzima, kenchi mbili tu ndizo za kubadilisha. Gata: haikuwa kiota, ilikuwa mpira wa watoto na majani ya miaka.

Daftari limetushangaza. Siku yenye watu wengi ilikuwa Jumanne. Saa 10 jioni walikuwepo 31, na wote walikuwa upande wa mashariki, kwenye kile kibaraza cha kupakulia mizigo ambacho wakati huo kina kivuli. Wamekalia kingo za zege. Wasichana wanne walikuwa wanafanya kazi za shule wameweka madaftari juu ya pipa. Ndani hakukuwa na mtu hata mmoja, siku zote saba.

---

Mchoraji_wa_Zamu

Basi mchoro wenu uanze na hicho kibaraza. Upenu, mabenchi, meza ya wale wasichana wanne, taa yenye swichi yake. Ndani mtajua baadaye.

Na ufunguo?

---

Kamati_Mpya

Tumefuatilia. Nakala ziko nne. Tatu tumezipata. Ya nne kila mtu anasema iko kwa mwingine.